Kuagiza gari ya familia kutoka Japani mpaka Nairobi bila kuchomwa: mwongozo kamili

Swali ni lile lile kila wiki. Mtu ananitumia skrinshoti ya Sienta, bei dola elfu saba, halafu ananiambia yadi ya hapa mjini wanaitaka milioni moja laki nane na nusu, kwani hawa watu wanatuona aje? Namjibu, umehesabu kodi? Kimya. Baada ya siku mbili anarudi, ameshatuma depoziti.

Kwa hivyo nimeamua kuandika yote mahali pamoja. Makosa mengi ya kuagiza gari hufanyika ukiwa umekaa kwa kochi na simu mkononi, kabla gari haijafika hata bandari ya kule, na ikishapakiwa melini hakuna fundi wala ajenti wa kukutoa kwa hiyo shimo. Ndio maana hatua za mwanzo nimezipea nafasi kubwa kuliko za Mombasa.

## Na ile ya kununua gari Uganda au Tanzania je?

Wacha nimalize hii kwanza juu ndio mtego unaokamata watu wa Busia na Namanga. Uganda wanaruhusu gari iingie ikiwa na umri mpaka miaka 15, sisi Kenya mwisho ni 8. Kwa hivyo ile Noah ya bei ya kutupa uliyoona Kampala, uwezekano mkubwa haiwezi kusajiliwa hapa hata ulie.

Na hata kama umri uko sawa, gari iliyoundwa Japani haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki eti kwa sababu ililala Kampala. KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) watakutoza ushuru wa Kenya kama kawaida, na yule mwenye gari alishaweka ushuru wa kwao ndani ya bei anayokuuzia, kwa hivyo unabeba mizigo miwili. Mtu akikuambia "tunaivusha tu usiku, namba tutapata", huyo anakuuzia kesi.

Sasa turudi Japani.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- PIN ya KRA inayofanya kazi, majina yakiwa sawasawa na ya kitambulisho.
- Akaunti ya eCitizen yenye namba ya simu unayotumia saa hii, si ile laini uliyopoteza 2021.
- Akaunti ya benki inayoweza kutuma dola nje.
- Ajenti wa forodha mwenye leseni. Orodha yao iko kwa tovuti ya KRA, mtafute humo kabla hujampenda. Mjue mapema, usingoje meli ifike.
- Pesa zote. Nasema zote: ya gari, ya kodi, na kama 150,000 ya huku nyumbani (kampuni ya meli, bandari, yadi, ajenti, namba, dereva, bima). Usiagize gari ukitegemea chama kitakulipa mwezi wa meli kufika, juu gari ikikaa Mombasa inalipishwa kwa siku.

## Hatua ya 1: Hesabu kodi kabla hujapenda gari

Hapa ndipo wengi huanguka, na sababu ni moja: wanadhani kodi inatokana na bei waliyonunua. Kwa gari iliyotumika, KRA hawaangalii invoisi yako. Wana orodha yao ya bei za magari mapya, inaitwa CRSP, wanachukua bei ya modeli yako, wanapunguza kulingana na umri, wanaondoa kodi zilizokuwa ndani ya hiyo bei, ndio wanapata thamani ya forodha. Ukipata gari kwa bei ya msamaha, hongera, lakini kodi haishuki hata shilingi.

Orodha hiyo ni faili ya Ekseli na iko wazi kwa tovuti ya KRA. Tafuta modeli yako kwa msimbo wa chesisi, si kwa jina. Sienta ya petroli ni NSP170, inayosukumwa na magurudumu yote manne (4WD) ni NCP175, haibridi ni NHP170. Jina moja la gari lakini mistari tofauti kwa orodha, na kila mstari una bei yake.

Ukishapata thamani ya forodha, viwango ni hivi: ushuru wa kuingiza asilimia 35. Ushuru wa bidhaa asilimia 20 kwa injini isiyozidi 1500cc, 25 kwa inayozidi hapo, na 35 kwa petroli inayozidi 3000cc au dizeli inayozidi 2500cc. VAT 16. Ada ya IDF (fomu ya kutangaza unachoagiza) 2.5 na ya reli 2. Hivi vitu hupenda kuguswa na bajeti kila Juni, kwa hivyo hakikisha tena siku unayonunua.

Tufanye mfano. Tuseme thamani ya forodha imekuja 600,000, injini 1500cc:

- Ushuru wa kuingiza: 210,000
- Ushuru wa bidhaa (asilimia 20 ya 810,000): 162,000
- VAT (asilimia 16 ya 972,000): 155,520
- IDF: 15,000
- Reli: 12,000
- Jumla: 554,520

Umeona vile zinapandiana? VAT inatozwa juu ya ushuru uliotozwa juu ya ushuru mwingine. Ukichukua asilimia zote ujumlishe mara moja kwa kalkuleta utapata jibu tamu na la uongo.

Thamani hiyo hiyo lakini injini 1800cc, jumla inakuwa 601,500. Karibu elfu 47 imeenda kwa cc 300. Kwa familia ya watu sita wanaoenda ushago mara tatu kwa mwaka, mimi huwaambia angalieni Sienta au Freed kabla ya Noah, isipokuwa kama mizigo ya nyanya na magunia ni ya kila wiki.

Utajua umefaulu ukiwa na: karatasi moja yenye namba tatu. Gari ikifika Mombasa (dola 7,000 kwa shilingi 129 ni 903,000), kodi (554,520), na za hapa nyumbani (150,000). Jumla 1,607,520. Ukiona tofauti na yadi ni ndogo na wewe huna moyo wa kungoja miezi miwili au mitatu, nunua kwa yadi, hakuna aibu.

## Hatua ya 2: Umri, na ule mwezi mmoja unaoua

Sheria inasema miaka 8, ukihesabu na mwaka wenyewe wa usajili wa kwanza. Mwaka huu wa 2026 inamaanisha usajili wa kwanza uwe 2019 kwenda mbele. Pia tofauti kati ya tarehe ya kuundwa na ya kusajiliwa isizidi mwaka mmoja. Na usukani uwe kulia, ingawa kwa Japani hiyo si shida.

Kinachoua watu ni Desemba. Lazima gari ifike kabla mwaka haujageuka, kulipa ama kupakia kabla hakukusaidii. Shemeji yangu mwaka jana mwezi wa kumi na moja alilipia gari ya 2018, nzuri kweli, bei imeshushwa, naye akadhani ni bahati yake. Bei ilishuka kwa sababu muuzaji alijua hesabu ambayo shemeji hakuijua: safari ya meli ni kama wiki nne mpaka sita, na nafasi za meli hujaa mwisho wa mwaka. Wiki mbili baadaye akaandikiwa kwamba meli haitafika kwa wakati, achague gari nyingine. Akaongeza dola 1,100 na akapata ya 2019 yenye rangi ambayo mkewe mpaka leo haipendi.

Kanuni yangu: kuanzia Septemba usiguse gari ya mwaka wa mwisho unaoruhusiwa.

Sasa, usiamini mwaka ulioandikwa kwa tangazo. Omba picha ya cheti cha kufutia usajili kwa ajili ya kuuza nje, kila gari halali inacho. Kiko kwa Kijapani lakini usiogope, tarehe zinasomeka. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Ukiona Heisei, ongeza 1988. Heisei 30 ni 2018, Heisei 31 ni 2019. Ukiona Reiwa, ongeza 2018. Reiwa 1 ni 2019 kuanzia Mei, Reiwa 2 ni 2020. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri na itakuonyesha ni enzi gani.

Cheti hicho pia huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa gari kule. Linganisha na dashibodi ya kwenye picha. Kama cheti kinasema 98,000 na dashibodi inasema 61,000, funga hiyo kurasa na usijibu tena imeili zao.

## Hatua ya 3: Soma karatasi ya mnada

Magari mengi hupita kwenye minada na kila moja hupewa karatasi ya ukaguzi. Muuzaji mwaminifu anakutumia bila maneno mengi. Akisema "tumeipoteza", tafuta mwingine.

Alama ya jumla: 4 au 4.5 ni gari safi kwa umri wake, 3.5 ina makovu ya kawaida, R au RA maana yake ilishagongwa na kurekebishwa. R siyo lazima iwe mbaya lakini kama huna mtu wa kuiangalia kwa macho, achana nayo.

Kuna mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni paneli iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa, S ni kutu. Namba ikiwa kubwa tatizo ni kubwa, yaani A1 hata hutaiona ukisimama karibu lakini A3 jirani ataiona kwa geti. Mimi naogopa S kuliko zote. Mkwaruzo ni kazi ya fundi wa rangi siku moja, kutu ya chini kwa gari iliyotoka upande wa theluji, wanakomwaga chumvi barabarani, hiyo utaitibu mpaka uiuze.

## Hatua ya 4: Invoisi, IDF, bima, halafu pesa. Kwa mpangilio huo

Omba invoisi ya awali. Angalia inasema FOB, C&F ama CIF. FOB ni bei ya gari bila meli, ndio maana inaonekana tamu. Unachotaka ni C&F Mombasa, yaani gari pamoja na nauli ya meli. CIF inaongeza bima ya baharini ya kule, na tangu Januari 2017 Kenya inataka bima hiyo ikatwe na kampuni ya hapa kwetu, kwa hivyo ungelipa mara mbili.

Hakikisha jina lako kwa invoisi ni lile la PIN, majina yote matatu, herufi kwa herufi. Hili jina litaenda mpaka kwa hati ya mzigo melini, ile huitwa BL, na kulisahihisha baadaye ni siku zinazoisha huku gari ikilipishwa maegesho.

Mpe ajenti invoisi afungue IDF na ukate bima. Kisha ndio ulipe.

Onyo, na hili naomba usome mara mbili: kuna wezi wanaoingilia imeili. Umeongea na muuzaji wiki mbili vizuri, siku ya kulipa inakuja invoisi ile ile, nembo ile ile, lakini akaunti ya benki imebadilika, eti "benki yetu iko kwa ukaguzi". Kabla hujatuma dola piga simu kwa namba uliyoipata mwenyewe kwa tovuti yao, si ile iliyo kwa imeili, uwasomee namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu. Na akaunti iwe ya kampuni, ndani ya Japani. Ikiwa ni ya mtu binafsi au ya nchi nyingine, simama hapo hapo.

Utajua umefaulu ukiwa na: nakala ya SWIFT (uthibitisho wa kutuma pesa nje) kutoka benki, na imeili ya muuzaji akithibitisha pesa imeingia pamoja na namba ya chesisi ya gari yako.

## Hatua ya 5: Ukaguzi na meli

Kabla ya kupakiwa, gari lazima ikaguliwe huko huko na kampuni iliyopewa kazi hiyo na KEBS (shirika la viwango la Kenya), ipate cheti cha ubora wa barabarani. Wanaangalia breki, taa, mwili, kilomita, na hata mionzi, jambo lililoanza baada ya ajali ya Fukushima ya 2011. Muuzaji ndiye huipeleka. Kazi yako ni kuomba nakala ya hicho cheti kabla meli haijaondoka, na kulinganisha chesisi.

Baadaye kuriya italeta hati orijino: BL, invoisi, cheti cha kufuta usajili na tafsiri yake, cheti cha ukaguzi. Ukizipata, zipige picha zote kabla hujampa ajenti hata moja.

## Hatua ya 6: Ajenti na kodi

Ajenti ataingiza tamko kwa mfumo wa forodha na kutoa slipu ya malipo yenye namba ya kumbukumbu. Hiyo slipu lipa MWENYEWE. Nenda benki, lipa kwa KRA kwa hiyo namba, rudi na risiti. M-Pesa haitatosha kwa mpigo, mwisho wake ni 250,000 kwa muamala mmoja.

Nasema hivi juu gari yangu ya kwanza nilimtumia ajenti laki nne za kodi kwa akaunti yake, nikaona ni mtu wa kanisa. Kila nikipiga simu nasikia "mfumo uko chini bosi". Mfumo haukuwa chini. Pesa yangu ilikuwa imelipia gari ya mteja aliyetangulia, na ya mteja aliyenifuata ndio ikaja kulipia yangu. Siku kumi na tisa za maegesho nikalipa mimi.

Malipo yake ya kazi mwandikiane kwa karatasi, na aorodheshe kila ada ya watu wengine na risiti yake. Akisema "ni paketi tu, usijali", jali.

## Hatua ya 7: Kutoa gari Mombasa

Meli ikishusha, gari huenda mara nyingi kwa yadi ya mizigo nje ya bandari, inaitwa CFS. Ajenti analipa kampuni ya meli apate hati ya kuachilia, analipa yadi, forodha wanahakiki chesisi, gari inatoka. Kuna siku chache za bure na zinaisha haraka, kwa hivyo makaratasi yote yawe tayari meli ikiwa bado baharini.

Ukiweza, nenda mwenyewe. Utaikuta katikati ya mamia ya magari, kioo kimeandikwa namba kwa chokaa, vumbi kama unga, funguo imefungwa na kakaratasi. Kabla hujasaini popote fungua buti, inua zulia: jeki ipo? spana ya magurudumu? tairi ya akiba, kama modeli yako huja nayo? Angalia kadi ndogo ya ramani kwa redio, hiyo hupotea sana. Washa injini ikiwa baridi, sikiliza, weka AC. Piga video ukizunguka. Ukishasaini umepokea, hakuna atakayekumbuka jeki.

## Hatua ya 8: Namba, bima, Mombasa Road

Usajili ni kwa NTSA (mamlaka ya usafiri) kupitia akaunti yako ya eCitizen, ajenti anaanzisha lakini wewe ndiye unathibitisha, kwa hivyo usimpe mtu nywila yako. Kagua kwa makini kabla ya kukubali: chesisi, namba ya injini, rangi, viti. Nimeona gari ya viti saba iliyosajiliwa kama ya watano, na kuirekebisha ni kupanda na kushuka ngazi.

Kata bima kabla ya kuendesha. Halafu ni kama kilomita 480 mpaka Nairobi. Tairi ni zile zile zilizokaa kwa yadi na melini miezi, kwa hivyo soma tarakimu nne za mwisho ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kama tairi ina umri wa gari, badilisha Mombasa kabla ya safari, si Mtito Andei katikati ya njia baada ya kupasuka. Endesha mchana, malori ya hiyo barabara usiku si ya kujaribia gari usiyoijua.

## Hatua ya 9: Wiki ya kwanza Nairobi

Oili ya injini na filta, maji ya rejeta, breki, oili ya giaboksi kwa aina kamili iliyoandikwa kwa kitabu. Giaboksi ya CVT (aina ya otomatiki) ukiiweka oili ya kawaida umeua giaboksi ya laki kadhaa kwa kuokoa elfu tatu. Mwambie fundi akuonyeshe chupa kabla hajafungua.

Redio ya Japani huanzia 76 na kuishia 90 au 95, kwa hivyo stesheni nyingi za huku hazitashika. Fundi wa redio huunganisha kifaa kidogo cha kuvuta masafa, kazi ya nusu saa.

Na kila ukiwasha gari kuna mama atakuambia kitu kwa sauti ya upole, "ETC kaado ga..." Watu hunipigia wakidhani ni injini. Anasema tu kadi ya kulipia barabara za Japani haijawekwa. Kuna kisanduku chini ya dashibodi, kichomolewe waya ananyamaza. Yangu sijachomoa, mtoto wa mwisho huwa anamjibu.